Pwani Iliyotufunulia Siri ya Usaha

Treni iendayo Sisilia hupanda meli. Ikifika Villa San Giovanni, ncha ya bara ya Italia, mabehewa hukatwa mafungu, yakasukumwa hadi ndani ya feri abiria wakiwa wamo vitini, na baada ya vishindo vingi vya chuma chombo kinang'oa nanga. Hapo acha mizigo, panda ngazi hadi sitahani. Mbele yako Messina imejinyoosha chini ya milima ya Peloritani, na mlangoni mwa bandari, juu ya mnara mrefu, Bikira Maria wa dhahabu ameinua mkono kuwabariki wanaoingia. Mlangobahari wenyewe ni mwembamba: pale unapobana zaidi ni kilomita 3 na kidogo tu.

Meli ikiyumba, mwili wako unajua juu ni wapi na chini ni wapi. Kazi hiyo inafanywa na punje ndogo za chokaa zilizomo ndani ya sikio. Panya waliozaliwa bila kimeng'enya kiitwacho NOX3 hawazipati punje hizo, na hutembea vichwa vimeinama upande. Kimeng'enya hicho kina ndugu sita, na kazi ya ukoo mzima ni kuichukua oksijeni tunayoivuta na kuigeuza kuwa kitu kikali kinachochoma. Historia ya ukoo huo ilianzia kwenye pwani hii, kati ya Messina na Napoli, kabla hajatokea mtu wa kuupa jina. Kwa hiyo safari hii niliifanya kwa kufuata viumbe wawili ambao kila mtoto wa pwani yetu anawajua: kiti cha pweza, na nungunungu wa baharini ambaye ukimkanyaga maji yakipwa hutamsahau.

Messina ni mji wa bahari mbili. Kusini iko Bahari ya Ionia, kaskazini Bahari ya Tirenia, na saa zao hazipatani: hii ikijaa, ile inakupwa. Mtoto wa Mkokotoni angecheka akiambiwa kiasi cha kujaa kwenyewe. Kwetu bamvua hupandisha maji mita 3 na zaidi. Hapa hayafiki nusu mita. Lakini kwa kuwa bahari moja iko juu wakati mwenzake iko chini, maji hayana budi kukimbia kupitia kichochoro hiki, saa sita hivi kuelekea kaskazini, kisha yakageuka kuelekea kusini. Wenyeji wana jina kwa kila mkondo: montante unaopanda, scendente unaoshuka. Simama Capo Peloro mikondo inapogongana, uone bahari inavyochemka na kujizungusha bila upepo wowote. Wagiriki wa kale walimweka hapa Charybdis, zimwi limezalo merikebu, na ng'ambo ya pili Scylla mwenye vichwa sita. Sikuona zimwi. Nilichoona ni mashua za kuvulia nduwaro, zenye mlingoti wa chuma mrefu kuliko minara mingi ya misikiti ya kwetu, mtazamaji akiwa kileleni, na mbele ya omo ulimi mrefu wa daraja ambako mrushaji wa chusa husimama akiwa amekwisha kuiacha mashua nyuma yake.

Mikondo hiyo huchota maji baridi kutoka kilindini na kuyapandisha pamoja na vilivyomo. Baada ya dhoruba, watu huokota ufukweni samaki wadogo wa gizani, wenye meno marefu na vitaa ubavuni, ambao kwingine ungehitaji meli ya utafiti kuwapata. Wanazuolojia wa karne ya 19 waliipenda Messina kwa sababu hiyo kuliko miji yenye maktaba na makumbusho. Ernst Haeckel alikaa hapa majira ya baridi ya 1859 hadi 1860 akivua radiolaria, viumbe visivyoonekana kwa macho matupu. Anton Dohrn, ambaye tutamkuta tena Napoli, alikuja 1868. Bahari ilikuwa inawaletea kazi mlangoni.

Aliyefika 1882 alikuja na moyo mzito kuliko wenzake. Ilya Metchnikoff, mzaliwa wa jimbo la Kharkiv katika Ukraine ya leo, alikuwa ameacha uprofesa wake Odessa katika mizozo ya kisiasa iliyofuata kuuawa kwa Tsar Alexander II. Alikuja na mkewe Olga na wadogo zake Olga, wakapanga nyumba Ringo, kitongoji kilichoko kaskazini mwa bandari, kinachotazamana na mlangobahari. Chuo hakuwa nacho, maabara hakuwa nayo. Hadubini aliiweka sebuleni.

Ringo unaweza kwenda kwa miguu kutoka mjini ukiifuata barabara ya ufukweni. Liko kanisa dogo linaloitazama bahari, la Yesu na Maria wa Safari Njema, na mbele yake mitumbwi imepinduliwa mchangani. Nyumba ya Metchnikoff usiitafute. Alfajiri ya 28 Desemba 1908 ardhi ilitikisika, bahari ikapanda juu ya nchi kavu, na karibu mji mzima ukaanguka. Waliokufa pande zote mbili za mlangobahari walikuwa makumi ya maelfu. Lakini nuru ni ileile, na maji ni yaleyale, na mimi nilikaa kwenye ukuta wa ufukweni nikaona panatosha.

Kilichotokea hapa alikisimulia mwenyewe baadaye. Siku moja familia ilikwenda sarakasi kutazama nyani waliofunzwa maajabu. Yeye akabaki na hadubini, akitazama kiluwiluwi cha kiti cha pweza, kiumbe chenye mwili unaopitisha mwanga hata kila kinachotembea ndani yake kinaonekana. Humo mlikuwa na seli zinazojikokota huku na huku. Wazo likamjia ghafla: huenda seli hizi ni walinzi wa mwili. Kama ni kweli, mwiba ukichomekwa humo, zitaukimbilia na kuuzunguka, jinsi usaha unavyojikusanya kwenye kidole cha mtu aliyechomwa. Akatoka kwenye bustani ndogo ya nyumba, ambamo siku chache nyuma waliupamba mchenza uwe mti wa Krismasi wa watoto. Akachuma miiba ya waridi, akaichomeka chini ya ngozi ya viluwiluwi vile, akajilaza bila kupata usingizi. Asubuhi na mapema seli zilikuwa zimeizingira miiba pande zote.

Hakuna damu mle, hakuna mishipa, hakuna ubongo wa kutoa amri. Kiumbe kisicho na chochote cha kujisifia kilijua kujitetea. Ukitaka kujua kwa nini naisifu pwani hii, jibu langu la kwanza ni hilo: kwa mwiba wa bustanini na kiluwiluwi kilicholetwa na mkondo, mtu asiye na kazi aliona msingi wa kinga ya mwili. Rudolf Virchow, gwiji wa Berlin, naye alikuwa Messina siku hizo. Alikuja kutazama, akamtia moyo, ila akamwonya aende polepole, kwa maana madaktari walikuwa wakifundisha kwamba seli nyeupe huvibeba vijidudu na kuvisambaza mwilini. Usaha kwao ulikuwa mchukuzi wa maradhi. Metchnikoff hakurudi nyuma, na mwaka 1908 akagawana Tuzo ya Nobeli ya tiba na Paul Ehrlich, siku chache kabla ya mji uliompa ugunduzi kuanguka.

Ila Ringo haikumjibu swali moja: seli ikishakimeza kijidudu, inakiua kwa silaha gani?

Dalili ilipatikana mbali na hapa. Mwaka 1933 Baldridge na Gerard walipima na kukuta kwamba seli nyeupe zikiwa zinameza bakteria hunywa oksijeni kwa pupa. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba ni pumzi ya kazi nzito. Baadaye ikaonekana kwamba hata ukizitia sianidi, sumu inayozima upumuaji wa kawaida wa seli, pupa ile haipungui. Oksijeni haikuwa chakula. Mwaka 1973 Bernard Babior na wenzake wa Boston wakaonyesha inakokwenda: inageuzwa superoksidi, oksijeni iliyobeba elektroni ya ziada na isiyotulia hadi igombane na kitu.

Kimeng'enya kinachofanya hivyo, tunachokiita leo NOX2, kimetengenezwa kwa hadhari ya askari anayeweka bunduki chumba kimoja na risasi chumba kingine. Vipande vyake viwili vimo kwenye utando wa seli. Vingine vinaelea ndani, mbali navyo. Kijidudu kikimezwa, vyote vinakimbilia utando uliokizunguka na kujifunga pamoja. Hapo vinachukua elektroni kutoka kwenye NADPH, akiba ya seli, vinazipitisha hadi upande wa pili na kuitwika oksijeni. Superoksidi inakuwa peroksidi ya hidrojeni. Kisha kimeng'enya kingine, myeloperoksidezi, kinaichanganya peroksidi na kloridi ya chumvi ya mwili kuwa asidi ya haipoklorasi. Mama anayeloweka shati jeupe katika Jik anatumia kemia hiyohiyo. Na ule ukijani wa usaha uliokomaa unatoka kwenye myeloperoksidezi yenyewe, ambayo kwa asili ni ya kijani.

Thamani ya silaha hii ilijulikana kwa watoto walioikosa. Katika miaka ya 1950 madaktari wa Minnesota walieleza ugonjwa wa wavulana waliokuwa wakiumwa tangu utotoni: majipu yasiyokoma, matezi yaliyovimba, mapafu na maini yenye vinundu, na mwisho kifo. Mwaka 1967 ikabainika kwamba seli zao humeza bakteria vizuri kabisa, ila hazivuti ile oksijeni ya ziada. Metchnikoff angeziona zikiuzingira mwiba asishuku lolote. Jeni yenye hitilafu, iliyomo katika kromosomu X, ilipatikana 1986. Ni ugonjwa adimu, kama mtoto 1 kati ya 200,000, na kinga yake ya kila siku ni dawa ambayo zahanati zetu zote zinaijua: Septrin, ikifuatana na dawa ya kuzuia kuvu. Wengine huponywa kwa kupandikizwa uboho.

Messina iliyojengwa upya ina barabara pana na nyumba fupi, kwa hofu ya ardhi. Wageni wengi huiona haina sura. Mimi niliipenda. Saa sita mchana nenda uwanja wa kanisa kuu, chini ya saa ya ajabu iliyotengenezwa Strasbourg na kuzinduliwa 1933: simba wa shaba ananguruma, jogoo anawika, na watu wazima wote uwanjani wanageuka watoto. Kisha agiza granita ya kahawa yenye krimu juu, na mkate laini wa kuchovya. Wenyeji huila asubuhi, na sioni kwa nini sisi tuendelee na chai na mandazi peke yake.

Sokoni, majira ya kuchipua, utakuta mafungu ya fava mbichi, maharagwe makubwa ambayo Wamisri huyapika wakayaita ful. Hapa historia ya Sisilia inagusana na yetu. Kisiwa hiki kilikuwa na malaria hadi karne iliyopita, na palipo na malaria ya vizazi vingi huwa pana watu wenye upungufu wa G6PD. Kimeng'enya hicho ndicho kinachojaza upya akiba ya NADPH, ileile inayolisha NOX2. Chembe nyekundu za damu zikiikosa hazina cha kujikinga nacho dhidi ya oksijeni kali: mtu mwenye aina ya upungufu ya Mediterania akila fava, damu yake inaweza kupasuka na mkojo ukageuka mweusi. Aina iliyoenea Afrika huwa hafifu zaidi, lakini ipo kwa wingi pwani yetu, na daktari makini huuliza kabla ya kutoa primakwini. Pale upungufu unapokuwa mkali kupindukia, seli nyeupe nazo huishiwa, na mgonjwa huugua majipu kama wale wavulana wa Minnesota.

Ukirudi bara, chukua kiti cha dirisha la kushoto. Treni ya Calabria hutembea ukingoni mwa maji: kwanza Scilla na ngome yake juu ya jabali, kisha malimau, mahandaki, vijiji vilivyoning'inia, na siku ya anga safi, Stromboli ikifuka moshi katikati ya bahari. Nilikuwa na kitabu. Sikukifungua.

Napoli haihitaji sifa zangu, imezoea kusifiwa na kulaumiwa kwa sentensi moja. Nenda moja kwa moja Villa Comunale, bustani ndefu iliyoko kati ya Riviera di Chiaia na barabara ya ufukweni ya Caracciolo, Vesuvio ikiwa kushoto kwako na Capri mbele. Katikati ya miti limesimama jengo jeupe la Stazione Zoologica. Dohrn, Mjerumani yule aliyeionja Messina, alianza kulijenga 1872, na wazo lake lilikuwa la kibiashara kuliko la kiprofesa: serikali na vyuo vya nchi mbalimbali vikodi meza, na mtafiti akija akute meza, vyombo, na kila asubuhi wanyama hai walioletwa na wavuvi wa stesheni. Aquarium ya chini ingechangia gharama kwa viingilio vya wageni. Juu, katika ukumbi uliokusudiwa kwa muziki na vitabu, Hans von Marées alichora ukutani mwaka 1873 wavuvi wakiisukuma mashua, wapiga makasia wenye mabega mapana, bustani ya michungwa, na marafiki wamekaa mezani chini ya kivuli. Sijaona maabara nyingine duniani ambayo mwajiri aliwatundika wavuvi wake mahali pa heshima namna hii. Walistahili.

Katika moja ya meza hizo kijana Otto Warburg aliweka mayai ya nungunungu wa baharini. Yai la mnyama huyu ni zawadi kwa mtafiti: jike moja hutoa mamilioni, na unayatungisha ndani ya bilauri. Warburg alipima oksijeni inayovutwa na mayai kabla na baada ya mbegu kuingia, akakuta imepanda hadi mara sita. Aliyachapisha matokeo hayo mwaka 1908. Mwaka huo ulikuwa na haraka na pwani hii. Naye alidhani ni nguvu za uhai mpya unaoanza kukua, na fikra hiyo ikamfikisha kwenye uchunguzi wa upumuaji wa seli uliompa Nobeli ya 1931.

Miaka 70 baada ya chapisho lile, watafiti wa Seattle, akiwamo Seymour Klebanoff aliyekuwa bingwa wa seli za usaha, waliyarudia mayai. Wakakuta sehemu kubwa ya oksijeni ile inageuzwa peroksidi ya hidrojeni. Yai hufanya hivyo kwa sababu likishapata mbegu moja, ya pili ni mauti kwake. Katika dakika za mwanzo linainua utando kulizunguka, kisha linatoa peroksidi, na kimeng'enya jirani kinaitumia kuzifunga tirosini za utando huo, moja kwa nyingine, hadi unakuwa mgumu usiopenyeka. Peroksidi inayobaki inafyonzwa na kemikali iitwayo ovothioli kabla haijamdhuru mtoto. Kimeng'enya chenyewe kilitambuliwa 2004, kikaitwa Udx1. Ni ndugu wa damu wa NOX2. Kinachoua bakteria mwilini mwako ndicho kinachofunga mlango wa yai la nungunungu.

Na kuna ndugu mwingine ambaye kila msomaji anambeba shingoni. Thairoidi hutengeneza homoni kwa kuzibandika tirosini madini joto, na gundi ya kazi hiyo ni peroksidi inayotolewa na DUOX2. Mtoto akizaliwa na hitilafu ya jeni hiyo, tezi hushindwa hata kama madini joto yamejaa. Nyanda za Juu Kusini za Tanzania zilihangaika na rovu kwa upungufu wa madini yenyewe, hadi ikaja chumvi yenye madini joto. Wachache wetu tuliambiwa kwamba chumvi ile inasubiri oksijeni inayochoma ndipo ifanye kazi.

Ukoo huu una upande mbaya, na hospitali zimejaa ushahidi wake. Tangu miaka ya 1990 inajulikana kwamba homoni ya angiotensini, inayopandisha presha, huviamsha vimeng'enya vya ukoo huu vilivyomo katika kuta za mishipa ya damu. Superoksidi yao huila oksidi ya nitriki inayoilegeza mishipa, nayo hukaza. Vimeng'enya hivi vimeonekana pia katika madhara ya kiharusi na katika mapafu yanayogeuka makovu. Basi maduka ya dawa yakajaa vidonge vya antioksidanti, kana kwamba oksijeni kali ni uchafu wa kufagiwa wote. Ufini ilijaribu kwa wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000, na matokeo yakatoka 1994: waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Mwenye pesa za vidonge hivyo namshauri azilipie nauli ya Napoli. Kwenye meza ya mgahawa wa Mergellina ataletewa mayai ya nungunungu mabichi, ya rangi ya machungwa, yenye ladha ya bahari yenyewe, na yatamfaa zaidi.

Wasafiri wengi wakishuka feri hupanda basi la Taormina papo hapo, bila kuitupia Messina jicho la pili. Wanakosea. Taormina ina mandhari. Messina ina maji yanayofanya kazi usiku na mchana, na mji uliosimama tena baada ya kuanguka. Nenda mwezi Mei, nduwaro wakiwa njiani na fava zingali mbichi sokoni. Ila kama daktari amewahi kukuambia una upungufu wa G6PD, fava waachie wenyeji.